Nililala Likoni, mkutano uko Bamburi

Barua pepe ya kukubaliwa ilinikuta zamu ya usiku, saa tisa, mtoto wa tatu wa usiku ule ndiyo kwanza amelia. Niliisoma mara mbili kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Utafiti wangu umepokelewa, niende Mombasa mwezi wa nane nikauoneshe kwa bango kwenye mkutano wa kitabibu wa siku tatu, na ada ya kushiriki nimesamehewa. Hapo penye "nimesamehewa" ndipo nilipopotea. Niliona safari nzima ni ya bure.

Mie ni mkunga wa hospitali ya wilaya, mkoa wa Tanga. Utafiti wenyewe si wa kujivunia sana. Kwetu mama huja kujifungua na kanga zake. Damu ikitoka, kanga huinywa, halafu mkunga hutazama kwa macho na kuandika kwenye faili "mililita 300". Macho hudanganya, na kwa kawaida hudanganya upande mmoja, damu nyingi huonekana kidogo. Mstari wa hatari tuliofundishwa chuoni kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida ni mililita 500, na mtu anaweza kuuvuka huku sisi tunamwambia hongera. Basi nilinunua mizani ya jikoni kwa pesa yangu, ile ya kupimia unga wa keki, tukaanza kupima kanga zilizolowa. Uzito wa kanga yenye damu, toa uzito wa kanga kavu, kila gramu 1 iliyozidi ihesabu mililita 1. Kwa miezi sita tuliandika vipimo vya macho na vya mizani, tukavilinganisha.

Sasa hesabu ya "bure". Pasipoti ilikuwa imekwisha muda, nikaomba mpya. Bango nikachapishe. Nauli ya kwenda na kurudi. Malazi. Chakula cha jioni, maana mkutano hulisha mchana tu. Laini ya simu ya Kenya. Hospitali ilinipa ruhusa na ahadi ya kunirudishia nauli nikileta risiti. Nilirudi nyumbani nimetumia shilingi 430,000 za Tanzania, na risiti nilizokuwa nazo zilikuwa mbili, ya basi la kwenda na ya bango. Matatu haitoi risiti. Tuktuk ndiyo kabisa. Kama mwajiri wako ni wa kutaka karatasi, muulize kabla hujaondoka kama ujumbe wa malipo ya simu utakubaliwa, kisha lipa kila kitu kwa simu.

Kwenye malazi nikajiona mjanja. Sisi ni Wadigo, na Wadigo mpaka umetupitia katikati kama mkasi kwenye kitambaa: nusu Tanga, nusu Kwale na Likoni. Shangazi yangu anakaa Likoni tangu kabla sijazaliwa. Ya hoteli ya nini?

Nilipanda basi Jumanne alfajiri. Horohoro, pale mpakani, si mbali na Tanga mjini, na siku hizi kituo ni kimoja, unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo la upande unaokwenda. Nilikuwa na pasipoti na kile cheti cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Jirani yangu wa kiti hakuwa na cheti, akabaki kwenye maelezo karibu nusu saa, dereva anapiga honi, abiria wanamtazama kwa macho ya lawama. Cheti chako kitie ndani ya pasipoti kabisa, usikiache kwenye begi la chini ya basi.

Saa nane mchana nimeshaketi kwenye baraza la Shangazi na sahani ya wali wa nazi. Jioni wakaja majirani, na watoto wa majirani, na bibi mmoja aliyesema alinibeba mgongoni 1991. Nililala saa sita usiku.

Asiyeijua Mombasa nimweleze. Mji wenyewe ni kisiwa. Likoni iko kusini ya kisiwa, ng'ambo ya mlango wa Kilindini, na hapo huvuka kwa feri. Bamburi iko kaskazini, bara ya pili, ng'ambo ya daraja la Nyali. Yaani nililala upande mmoja wa mji, mkutano uko upande wa pili, na katikati pana bahari, kisiwa kizima na foleni. Kwenye ramani ya simu ilionekana kama kidole na kidole.

Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, na nilifurahia neno lile tena, bure. Jumatano nilifika kivukoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sijapata kuona watu wengi namna ile mahali pamoja isipokuwa Idi. Unasukumwa, unashuka mteremko pamoja na baiskeli, mikokoteni na wanafunzi, na bango langu ndani ya bomba lake limeinuliwa juu kama mkuki. Feri ya kwanza ikajaa mbele yangu. Tulipovuka nikatafuta matatu ya kupita Buxton, ikakaa kwenye mafoleni hadi darajani, konda akashusha na kupakia kila hatua. Nilifika hotelini saa tatu na robo. Ufunguzi umepita. Meza ya kujiandikisha ya siku ile imefungwa saa tatu kamili, na cheti cha kuhudhuria, kile chenye pointi za mafunzo endelevu tunazozihitaji kuhuisha leseni, kilitolewa kwa saini za siku zote tatu. Nilibembeleza mpaka mchana. Dada mmoja wa sekretarieti akanihurumia, lakini nilikwisha kulia chooni.

Halafu bango. Nilichapisha kwa ulalo, ukubwa wa A0, upana karibu sentimita 119. Mbao za maonesho zilikuwa za kusimama wima, upana mita moja. Maelekezo yalikuwepo, kwenye kiambatisho cha barua pepe nyingine ambayo sikuifungua kwa sababu simu yangu ilikuwa imejaa. Ikabidi nirudi kisiwani mchana ule na faili kwenye flashi, nikapange upya kila kitu na kijana wa duka la uchapaji aliyekuwa akila huku anasogeza majedwali yangu, shilingi 3,000 za Kenya. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mkutano niliouota miezi mitatu nilihudhuria kwa muda wa saa mbili na dakika chache.

Usiku nikamwambia Shangazi kwamba nataka kuhamia Bamburi. Kulikuwa na mkunga wa Kilifi tuliyefahamiana kwenye foleni ya chai, amepanga chumba cha vitanda viwili Bamburi Mtambo na mwenzake hakutokea. Shangazi alikaa kimya akikuna nazi. Kisha:

"Nimekukosea nini mwanangu?"

"Hujanikosea, Shangazi. Ni feri."

"Feri yavusha watu elfu na elfu kila siku. Wewe tu ndiyo imekushinda?"

Sikuwa na jibu la adabu. Nikamwahidi nitarudi Jumamosi nikae naye siku mbili. Hakusema neno, ila asubuhi nilikuta mahamri na mbaazi zimefungwa kwenye kontena juu ya begi langu. Ningemwambia mapema, kwa simu, kabla sijafika, asingeona ni kumkimbia. Mwenye ndugu karibu na mkutano na afikirie hili: nyumba ya ndugu ina wajibu wake, na wajibu huo una saa zake, na saa hizo ni zilezile za kulala na kujiandaa. Kalale kwa ndugu kazi ikisha.

Alhamisi mambo yakanyooka. Kikao cha asubuhi kilikuwa juu ya hilihili langu, kuvuja damu baada ya kujifungua, na walizungumzia utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wao walitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unawekwa chini ya mama na damu inateremkia humo. Ikifika kiwango, hufanywa yote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, maji ya mshipa, kumkagua mama chanzo ni nini, hawangoji kimoja kishindwe ndipo wajaribu kingine. Kuvuja kupita lita 1, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu na vifo vya damu, kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Mle ukumbini nilihisi mizani yangu ya keki imesinyaa.

Saa nne na nusu nikasimama mbele ya bango. Nilikuwa nimekariri maelezo yangu kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, mbele ya kioo. Wanne wakapita wakatikisa kichwa kwa heshima. Wa tano, daktari wa kike mtu mzima, miwani puani, akasoma kila mstari, akaniuliza swali moja. Kanga kavu mliipima lini?

Nikasema tulipima kanga moja, tukatumia uzito huo kwa zote.

"Zote?"

Nikaganda. Kiingereza chote kikaniruka. Akahamia Kiswahili, taratibu, bila kejeli, akauliza na maji ya chupa, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, je, hayakuingia kwenye hesabu? Hilo nilikuwa nalo, tulikuwa tukibadilisha kanga mara mtoto akitoka. Lakini la kwanza lilinikaa kooni. Mwanamke wa pwani, nimezaliwa na kukulia ndani ya kanga, nikaandika kana kwamba kanga zote zina uzito mmoja.

Mchana ule ratiba ilikuwa huru. Waandalizi walikuwa na ziara ya mahekalu na mbuga kwa dola, basi lenye kiyoyozi, mwongozaji mwenye kipaza sauti. Mkunga wa Kilifi akacheka bei. "Kwa hela hiyo nakutembeza hadi Lamu," akasema. Tukapanda matatu kurudi kisiwani.

Hekalu la Wajaini liko barabara ya Langoni, si mbali na soko la Marikiti, jeupe la marumaru kama limechongwa kwa sukari guru iliyosafishwa. Lilijengwa 1963. Mara nyingi nimepita Mombasa na sijawahi hata kusimama mbele yake. Nilisita mlangoni na ushungi wangu, nikijiuliza watanionaje. Mzee wa mlangoni wala hakuutazama ushungi. Macho yake yalikuwa kwenye mkoba.

"Ni ngozi?"

Ni ngozi. Viatu unavua, hilo nililijua, lakini hawaruhusu kitu cha ngozi kuingia, mkoba, mkanda, hata pochi, kwa kuwa kwao kumdhuru kiumbe ni dhambi na ngozi ni mnyama aliyekufa. Kuna wanaoacha hata viazi na vitunguu, wasing'oe mmea na mizizi yake na wadudu waliomo. Kwa hiyo pesa zangu zote zilibaki nje kwa mkunga wa Kilifi, tukaingia kwa zamu. Mwenye kupanga ziara za namna hii abebe mfuko wa kitambaa, avae nguo ya kufunika mabega na magoti, na aulize saa kabla ya kwenda, kwa sababu ni nyumba ya ibada, si makumbusho, na mchana unaweza kukuta pamefungwa. Picha usipige mpaka umeambiwa ruksa.

Ndani palikuwa na baridi ya jiwe. Mtu mmoja alikuwa akihudumia sanamu, amefunga kitambaa mdomoni na puani. Nilidhani ana mafua. Baadaye mzee alinieleza kuwa ni ili pumzi yake isiiguse sanamu. Tulipotoka mwenzangu akasema, "Na sisi kuna madaktari tunawabembeleza wavae barakoa chumba cha upasuaji." Tukacheka mpaka Marikiti. Hekalu la Swaminarayan, barabara ya Haile Selassie, tuliliona kwa nje tu, miguu imechoka na mawazo yangu yako kwenye kanga.

Maana kutoka Langoni hatua chache tu uko Mtaa wa Biashara, na Mtaa wa Biashara ni leso. Wao husema leso, sisi kanga, na tusigombane. Zimening'inia pande zote mbili, maduka kwa maduka. Nikaanza kuzishika. Hii nzito, hii nyepesi kama karatasi, hii imechanganywa na poliesta. Nikamwambia muuzaji nataka tatu, siyo kwa rangi wala kwa jina, nataka nzito kuliko zote, nyepesi kuliko zote na ya katikati. Akanitazama vile watu hutazama mgonjwa. Tukazikata vipande, maana huuzwa doti, tukazipeleka Marikiti kwa muuza bizari mwenye mizani ya kidijitali. Alikubali baada ya mimi kununua iliki nusu kilo ambayo sikuihitaji. Gramu 215. Gramu 160. Ya poliesta, 140.

Tofauti ya gramu 75 kwa kanga moja, na mama mmoja huweza kulowesha tatu. Nilisimama pale katikati ya harufu ya bizari na mdalasini nikifanya hesabu kwenye kiganja.

Ijumaa mkutano uliisha saa sita. Tukaenda Haller Park, palepale Bamburi kando ya barabara ya Malindi. Kabla ya kuwa msitu palikuwa shimo la machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji, jeupe, la chumvi, hakuna kilichoota. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda 1971. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu, na mvinje ndio uliobeba kazi. Lakini majani ya mvinje hayaozi kirahisi, yakalundikana, mpaka wakaletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Jongoo! Wale tunaowafagia barazani. Humo ndimo alimoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya mama kobe mkubwa wa zaidi ya miaka mia, Mzee. Nenda saa ya kulisha wanyama, na bebeni pasipoti yenyewe, si nakala. Sehemu moja niliyoingia safari hii nililipishwa kiwango cha wageni wa mbali kwa kuwa pasipoti niliiacha chumbani, na maneno yangu kwamba Tanga ni Afrika Mashariki hayakumsisimua mtu.

Bahari sitaisema sana, naona aibu. Mombasa ina hifadhi ya bahari tangu 1986, matumbawe yanaonekana kwa mashua ya kioo chini. Tukalipa saa kumi jioni. Ilikuwa bamvua, siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ya pwani yetu maji hujaa saa kumi na kupwa asubuhi saa nne. Kusi linavuma, maji yametibuka, kina kimezidi. Tuliona mwani na uso wetu wenyewe. Mwenzangu wa Kilifi na mie wa Tanga, hakuna aliyekumbuka kutazama mwezi. Jirani zetu kwenye mashua, watu wa bara kabisa, walifurahi sana.

Jumamosi nikavuka feri kinyume na umati, dakika chache tu, hakuna msukumano. Shangazi alikuwa barazani. Nikamweleza yote, hekalu, mizani, muuza bizari. Kuhusu hekalu akauliza tu kama niliabudu, nikasema nilitazama. Kuhusu kanga hakusema kitu. Kesho yake asubuhi akasema kwa kuwa nimezunguka kwa Mungu wa kila mtu, nisiondoke bila kwenda kwetu. Akanipeleka Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, kusini ya Diani, njia ileile ya kurudia Tanga. Makaya ya Mijikenda, makabila ya pwani ambayo Wadigo ni mojawapo, yameandikwa kwenye urithi wa dunia tangu 2008, lakini Shangazi hakulisema hilo. Alisema humu hakuokotwi hata kijiti. Tulifungwa kaniki nyeusi viunoni, tukaingia na mwongozaji wa kijiji. Miti mikubwa imekumbatiana, sauti inakufa mdomoni. Mwongozaji akawa anatuonesha mti wa tumbo, mti wa homa. Kwenye mmoja Shangazi alisimama muda mrefu, kisha akasema dadake mkubwa alifia nyumbani, mtoto akiwa mzima, na waliokuwepo walisema damu ilikuwa ya kawaida.

Basi la Jumatatu lilitukuta Ukunda kituoni. Shangazi akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. Nilidhani mahamri. Zilikuwa leso nne, kuukuu, zimefuliwa mpaka maandishi yamefifia.

"Kazipime na hizi," akasema. "Wewe wanunua mpya dukani. Nani aendaye kuzaa na leso mpya?"